John Scott Haldane, munganga aliyefundisha wazamiaji kupanda kwa hatua

Mwezi wa nane mwaka wa 1906, wanamaji wawili wa Uingereza walishuka chini ya maji ya Loch Striven, mkono wa bahari unaoingia kati ya vilima vya Uskoti. Walivaa nguo nzito za mpira na kofia za shaba. Hewa waliipata kwa mpira mrefu uliounganishwa na pampu zilizokuwa juu ya meli. Luteni Guybon Damant na mwenzake Andrew Catto walifika meta 64, na wakati ule hiyo ilikuwa rekodi. Lakini waliobaki melini walikuwa wanahesabu pia dakika za kurudi juu, kwa sababu ni baada ya kupanda ndipo wazamiaji wengi walikuwa wanakufa ao wanapooza miguu.

Aliyepanga dakika hizo hakuwa mwanamaji. Alikuwa munganga wa miaka 46, mwenye masharubu mazito, ambaye alikuwa amepitisha miaka 20 akichunguza hewa mbaya: hewa ya nyumba za maskini, hewa ya mifereji ya vyoo, hewa ya mashimo ya makaa ya mawe. Jina lake John Scott Haldane. Leo, mtu yeyote anayezama baharini ao ziwani na chupa ya hewa mgongoni, awe mtalii, mwanajeshi ao mfanyakazi wa daraja, anarudi juu kwa kufuata kanuni ambazo msingi wake uliwekwa na munganga huyo.

Mtoto wa jamaa kubwa

Haldane alizaliwa tarehe 2 mwezi wa tano mwaka wa 1860, mjini Edinburgh. Jamaa yake ilikuwa na mali na jina. Kaka yake Richard alikuja kuwa waziri wa vita wa Uingereza, na dada yao Elizabeth akajulikana kwa vitabu vyake. Kwenye nembo ya jamaa hiyo kulikuwa neno moja tu, lenye maana ya kuteseka na kuvumilia. John alilichukua neno hilo jinsi lilivyo, na mwili wake ndio uliolipa.

Alisomea uganga Edinburgh, akapitia pia chuo kikuu cha Jena kule Ujerumani, na akamaliza masomo mwaka wa 1884. Hakufungua chumba cha kupokea wagonjwa. Alikwenda Dundee, mji wa viwanda, na pamoja na wenzake akaingia usiku katika nyumba za chumba kimoja ambamo jamaa nzima ililala, ili kupima hewa iliyokuwa humo. Walipima hewa ya shule na ya mifereji ya vyoo pia. Matokeo yaliwashangaza wengi: hewa ya mifereji ilikuwa na vijidudu vichache kuliko hewa ya vyumba ambamo maskini walibanana.

Baadaye alihamia Oxford, ambako mjomba wake alikuwa profesa. Huko alianza desturi ambayo hakuiacha mpaka uzee: kabla ya kumpa mtu mwingine hewa ya hatari, alianza kuivuta yeye mwenyewe. Alijifungia ndani ya sanduku kubwa lisilopitisha hewa na kukaa humo mpaka kichwa kinauma na pumzi inakwenda mbio, huku akiandika kila kitu alichokisikia mwilini.

Mashimo ya makaa ya mawe

Mwezi wa kwanza mwaka wa 1896, shimo la makaa ya mawe la Tylorstown, katika Wales, lililipuka na watu 57 wakafa. Haldane aliitwa kuchunguza maiti. Watu walidhani wachimbaji wanauawa na moto na nguvu ya mlipuko. Yeye aliona ngozi za wengi zikiwa na rangi nyekundu ya kupendeza, kama za watu wazima waliolala. Hiyo ni alama ya monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ni gesi ile ile inayoua watu wanaolala na mbabula yenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Ripoti yake ilionyesha kwamba wengi walikuwa wamepona mlipuko, kisha wakauawa na hewa iliyobaki nyuma yake.

Aliijua alama hiyo kwa sababu mwaka mmoja mbele alikuwa amekwisha kuivuta gesi hiyo katika chumba chake cha kazi, mpaka zaidi ya nusu ya damu yake ikawa imeishika, na miguu ikakataa kumbeba vizuri. Kutokana na hayo alishauri wachimbaji washuke na wanyama wadogo. Panya ao ndege mdogo anavuta hewa haraka kuliko mtu, kwa hiyo anaanguka wa kwanza na kumpa mchimbaji dakika za kukimbia. Ndege wa manjano waitwao kanari walifanya kazi hiyo katika mashimo ya Uingereza mpaka mwaka wa 1986.

Alichunguza vilevile hewa nzito inayojikusanya chini ya mashimo na kuzima taa, na akaonyesha kwamba ndani yake kuna dioksidi ya kaboni. Wakaaji wa Goma wanaijua gesi hiyo kwa jina la mazuku: inatoka ardhini, inajilaza penye mabonde, inaua mbuzi na hata watu. Haldane hakufika Kongo, lakini kazi yake inaeleza gesi hiyo inafanya nini ndani ya mwili. Mwaka wa 1905, pamoja na Priestley, alionyesha kwamba hamu ya kuvuta pumzi inaongozwa hasa na dioksidi ya kaboni iliyo katika damu. Ikipanda kidogo tu, mtu anaanza kuhema.

Ugonjwa wa kupanda

Ujuzi huo ndio uliomfikisha kwa wazamiaji. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na shida mbili. Ya kwanza, mzamiaji akifika chini sana alichoka upesi, akahema, mara nyingine akapoteza fahamu kabla ya kufanya kazi yoyote. Haldane alipima hewa iliyokuwa ndani ya kofia zao na akaona jibu mara moja: pampu hazikuleta hewa ya kutosha, na mzamiaji alikuwa anavuta tena uchafu wa pumzi yake mwenyewe. Kadiri mtu anavyoshuka, ndivyo pampu zinavyopaswa kusukuma hewa nyingi zaidi.

Shida ya pili ilikuwa ngumu kuliko hiyo. Mzamiaji alimaliza kazi, akavutwa juu, akavuliwa kofia, akacheka na wenzake. Baada ya muda mfupi magoti na mabega yalianza kuuma vikali. Wengine walishikwa na ganzi toka kiunoni, wasitembee tena. Wengine walikufa siku ile ile. Wafanyakazi waliochimba misingi ya madaraja ndani ya vyumba vilivyojazwa hewa yenye shinikizo walipatwa na ugonjwa huo huo. Washington Roebling, injinia mkubwa wa daraja la Brooklyn kule New York, aliharibika mwili kwa sababu hiyo mwaka wa 1872, na akamaliza ujenzi akiutazama kupitia dirisha la nyumba yake.

Chanzo kilikuwa kimekwisha kujulikana. Mfaransa Paul Bert alikuwa ameonyesha mwaka wa 1878 kwamba ni azoti, gesi inayofanya sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Chini ya maji shinikizo linaongezeka, na azoti inaingia na kuyeyuka katika damu, mafuta na nyama ya mwili. Mtu akipanda haraka, gesi hiyo inatoka kwa fujo na kufanya mapovu, sawa na chupa ya fanta inapofunguliwa ghafla. Mapovu yakiziba mishipa ya uti wa mgongo, miguu inakufa. Yakifika kwenye ubongo ao kujaa moyoni, mtu anaweza kufa.

Kilichokosekana ni kipimo. Kila mtu alisema mzamiaji apande polepole, lakini hakuna aliyejua polepole kiasi gani, wala asimame wapi.

Mbuzi 85

Haldane alifanya majaribio katika chuo cha utafiti cha Lister, mjini London, ambako kulikuwa chumba cha chuma ambacho shinikizo lake lingeweza kupandishwa na kushushwa. Pamoja na Damant na munganga Arthur Boycott, alichagua mbuzi, kwa kuwa ndio wanyama wakubwa waliopatikana kwa urahisi. Walitumia mbuzi 85. Mbuzi mwenye maumivu alijulikana kwa kuinua mguu mmoja wa mbele na kukataa kuukanyagia. Wengine walipooza, wengine wakafa. Hiyo ni sehemu ya hesabu ya kazi hii.

Haldane aliona jambo ambalo wengine walipita kando yake. Mtu ao mnyama aliyekaa chini ya shinikizo la mara mbili ya lile la juu ya ardhi, hata akikaa saa nyingi, aliweza kurudi juu mara moja bila kuugua. Basi akafikiri kwamba hesabu muhimu ni ile ya nusu: toka mara nne kwenda mara mbili, toka mara sita kwenda mara tatu. Mzamiaji aliye meta 30 yuko chini ya shinikizo la mara nne. Kwa kanuni ya Haldane aliweza kupandishwa mpaka meta 10, ambako shinikizo ni mara mbili, kisha akasimama hapo azoti itoke. Baadaye alipanda meta chache na kusimama tena, na kila kituo karibu na juu kilikuwa kirefu kuliko kilichotangulia.

Kanuni hiyo iligeuza desturi ya zamani. Kumvuta mzamiaji kwa mwendo mmoja tangu chini mpaka juu kulimpotezea muda mahali ambapo mwili wake bado unaingiza azoti, na kulimharakisha katika meta za mwisho, ambako hatari ni kubwa zaidi.

Haldane alijua pia kwamba mwili haujai gesi sehemu zote kwa wakati mmoja. Damu inajaa na kutoa upesi, mafuta yanachelewa. Katika hesabu yake aligawa mwili katika mafungu matano: la haraka hufika nusu ya kujaa kwa dakika 5, la polepole kwa dakika 75. Saa ndogo za kompyuta ambazo wazamiaji wanavaa mkononi leo bado zinapiga hesabu kwa mtindo huo wa mafungu, ijapo mafungu na namba vimebadilishwa.

Baada ya mbuzi ikafika zamu ya watu. Damant na Catto waliingia chumba cha chuma, kisha wakaenda Loch Striven. Katika mojawapo ya mizamo hiyo Catto alinaswa chini na akakawia kuliko ilivyopangwa. Wenzake hawakumvuta kwa haraka ya woga. Walimpandisha kwa vituo, na akatoka mzima. Haldane alikuwa amekuja na jamaa yake melini. Mtoto wake Jack, mwenye miaka 13, alivalishwa nguo ya mzamiaji mkubwa na kushushwa pia. Nguo ilimpwaya, maji yakaingia ndani, lakini alitolewa salama. Leo mzazi angeulizwa maswali makali juu ya jambo hilo. Katika nyumba ya Haldane lilionekana kuwa sehemu ya malezi.

Jedwali za kupanda zilichapishwa katika jarida la kisayansi mwaka wa 1908, na jeshi la majini la Uingereza likazitumia. Inchi nyingine zikafuata. Jedwali hizo hazikuwa kamili: kwa mizamo mirefu ya chini sana bado watu waliugua, na miaka iliyofuata wataalamu wa jeshi la majini la Marekani na wengine walizisahihisha mara kadhaa. Hata hivyo, faida yake ilionekana wazi. Meli Laurentic ilipozama mwaka wa 1917 karibu na pwani ya Ireland ikiwa na vipande 3211 vya dhahabu, alikuwa Damant aliyeongoza kazi ya kuvitoa. Ilichukua mpaka mwaka wa 1924, chini ya meta karibu 40 za maji baridi. Karibu dhahabu yote ilipatikana, na hakuna mzamiaji hata mmoja aliyekufa.

Oksijeni ya wagonjwa

Tarehe 22 mwezi wa nne mwaka wa 1915, jeshi la Ujerumani lilifungulia gesi ya klorini juu ya askari waliokuwa karibu na Ypres, Ubelgiji. Serikali ya Uingereza ilimtuma Haldane mbio mpaka Ufaransa. Alitambua gesi hiyo, akaenda kuivuta yeye mwenyewe na wenzake ndani ya chumba ili kupima vitambaa vya kujikinga. Jack, ambaye sasa alikuwa askari, aliitwa kutoka mstari wa mbele kusaidia. Wakati huo huo magazeti ya London yalimchafua Richard kwamba anapenda Wajerumani, na mwezi wa tano akapoteza kiti chake serikalini. Mdogo wake alikuwa anakohoa klorini kwa ajili ya inchi hiyo hiyo.

Kutoka kwa askari wale waliochomeka mapafu, Haldane alipata somo lingine. Waganga wa wakati ule waliweka mpira wa oksijeni karibu na uso wa mgonjwa, na sehemu kubwa ikapotea hewani. Yeye alitengeneza chombo chenye maski, chenye kupima oksijeni inayokwenda kwa mgonjwa, na mwaka wa 1917 akaeleza namna ya kuitumia kama dawa yenye kipimo. Maski ya oksijeni ya hospitali za leo imetoka katika njia hiyo.

Haldane aliendelea kufanya kazi mpaka mwisho. Mwaka wa 1934 alipewa medali ya Copley, heshima kubwa ya wanasayansi wa Uingereza. Akiwa na miaka 75 alisafiri mpaka Uajemi na Irak kuchunguza wafanyakazi wa mafuta waliokuwa wanaangushwa na joto. Alirudi Oxford akapatwa na ugonjwa wa mapafu, na akafa usiku wa kuamkia tarehe 15 mwezi wa tatu mwaka wa 1936. Jack, aliyejulikana baadaye kama J. B. S. Haldane, aliendelea na kazi ya baba katika vita vya pili, akijifungia ndani ya vyumba vya shinikizo kwa ajili ya watu wa nyambizi, na akaumia uti wa mgongo.

Kanuni zinazookoa leo

Kizazi cha Haldane hakikujua chupa ya hewa ya mgongoni. Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan waliitengeneza Ufaransa mwaka wa 1943, na kuzama kukawa mchezo wa watu wengi. Mwili haukubadilika. Mzamiaji wa leo anafundishwa asizuie pumzi akipanda, maana hewa inayopanuka inaweza kupasua mapafu. Anafundishwa asipande kwa mbio, asimame dakika 3 kwenye meta 5 kabla ya kutoka, na asipande ndege siku hiyo. Akiwa amezama mara nyingi, angojee saa 18 ao zaidi.

Akitoka majini kisha akasikia maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, ao miguu kulegea, asidhani ni uchovu. Alazwe chali, avute oksijeni safi kwa maski bila kukawia, apewe maji kidogo kidogo kama ana fahamu, na apelekwe haraka mahali penye chumba cha shinikizo. Asirudishwe majini ili ajitibu mwenyewe. Ndani ya chumba hicho waganga wanampandishia shinikizo kama la meta 18 huku akivuta oksijeni, mapovu yanapungua, kisha wanamshusha kwa hatua. Mara nyingi kazi hiyo inachukua karibu saa 5. Kila saa inayopotea kabla yake inaweza kupunguza nafasi ya mtu kutembea tena.

Haya yote si siri, na msingi wake una zaidi ya miaka 100. Lakini kwenye pwani ya Honduras, wanaume wa kabila la Miskito wameshushwa miaka mingi kutafuta kamba wa kuuzwa ng'ambo, wakizama mara nyingi kwa siku, bila mafundisho na bila vyombo vya kupimia. Wengi wamekufa, wengi wamebaki kwenye viti vya magurudumu. Mwaka wa 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya inchi za Amerika ilitamka kwamba serikali ya Honduras ilivunja haki zao kwa kutosimamia kazi hiyo. Ugonjwa uliowaharibu ni ule ule wa mbuzi wa London. Jedwali za mwaka wa 1908, pamoja na chombo cha kupima urefu wa maji na saa ya mkononi, zingetosha kuwapunguzia wengi wao hatari hiyo.